Ngozi ya Nani Inabeba Kipimo?

(Maelezo ya redio ya wiki hii, yanachapishwa hapa kama yalivyosomwa.)

Leo naomba tuzungumze juu ya ngozi. Sina maana ya ngozi ya ng'ombe wala ya kiatu, bali hii tuliyovaa mimi na wewe tangu siku ya kuzaliwa, ambayo ikichanika hakuna duka la kununulia nyingine.

Nianze na lililonikuta nyumbani. Tulikuwa na harusi kule Michenga, jirani na mji wa Ifakara. Aliyekuwa akiolewa ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Alhamisi jioni akinamama walimkalisha mkekani, wakampaka hina miguuni, na mikononi wakamchora maua kwa piko, ile rangi nyeusi inayokuja katika vipakiti vidogo vya unga. Maua yalipendeza. Ijumaa usiku akaanza kujikuna. Jumamosi alfajiri, siku yenyewe ya harusi, mikono ilikuwa imevimba, kila ua limegeuka mstari wa malengelenge. Alifunga ndoa amevaa soksi za mikono kwenye joto la bonde la Kilombero, na picha zote za siku ile ameficha mikono chini ya kanga.

Baada ya siku kadhaa nilikwenda kumjulia hali. Akaniuliza swali ambalo limenisumbua mpaka nimelileta hapa redioni. "Mjomba, piko hii hii nilipakwa kwenye harusi ya dada yangu miaka miwili iliyopita, na haikunifanya kitu. Kwa nini leo?" Na mama aliyempaka, mtu mzima mwenye heshima zake, alikaa pembeni amejiinamia. Miaka yote amewapaka mabibi harusi wa kijiji, na mikono yake mwenyewe haina hata doa.

Ndugu msikilizaji, swali la binti yule si dogo. Wataalamu wa mabara mengine wamehangaika nalo kwa zaidi ya miaka mia moja, na katika kuhangaika huko wamepita sungura wengi, simbilisi wengi, panya wengi, na binadamu wengi ambao hawakuulizwa. Naomba tufuatane.

ALIYEBANDIKA ZEBAKI

Mwaka 1895 daktari mmoja wa ngozi aliyeitwa Josef Jadassohn alisimama mbele ya wenzake mjini Graz, katika nchi ya Austria, akawaeleza jambo jipya. Wakati ule madaktari walitibu maradhi mengi ya ngozi kwa dawa ya zebaki. Wagonjwa wengi walipakwa wakapona, lakini mmoja mmoja alitoka upele mkali. Jadassohn alichukua kiasi kidogo cha dawa, akakibandika juu ya ngozi nzima ya mgonjwa wa namna hiyo, akasubiri. Pale alipobandika pakawaka, na kwingine kote pakabaki salama. Hivyo ndivyo ulivyoanza ule uchunguzi wa kubandika ambao madaktari wa ngozi wanautumia mpaka leo kumtafuta mkosaji katika kesi ya mzio, au aleji kama wengi tunavyosema.

Uchunguzi huu uliendelezwa na mwanafunzi wake, Bruno Bloch, aliyefanya kazi katika miji ya Uswisi ya Basel na Zurich. Jina la Basel si geni kwa watu wa Ifakara. Ndiko alikotoka Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama wa ukoo uliotajirika kwa viwanda vya rangi na kemikali, ambaye mwaka 1943 alianzisha Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Nchi za Joto, na mwaka 1957 akafungua maabara yake Ifakara. Maabara hiyo ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara tunayoijua leo. Nimemtaja kwa sababu nitarudi Ifakara kabla sijamaliza.

Basi, Jadassohn alikuwa ameonyesha kwamba kitu kisichomdhuru mtu mmoja kinaweza kumwasha mwingine. Hakuonyesha kwa nini. Jibu hilo lilikuja polepole. Mwaka 1935 Karl Landsteiner na John Jacobs, wakifanya kazi New York kwa kutumia simbilisi, walithibitisha kwamba kemikali ndogo ndogo zinazoleta mzio ni zile zenye tabia ya kujishikiza kwenye protini za mwili. Kemikali peke yake ni ndogo mno, mwili hauioni. Ikijishikiza kwenye protini, protini ile inakuwa kama ndugu aliyevaa nguo za adui.

Hapo askari wa doria waliomo ndani ya ngozi huamka. Hukichukua kile kitu kigeni, hukipeleka kwenye tezi, na huko hufundishwa kikosi cha askari wengine kukitambua. Mafunzo hayo huchukua siku kadhaa hata wiki, na mwenye mwili hahisi chochote. Hajikuni wala havimbi. Lakini kikosi kimeshapatikana, nacho kinakumbuka kwa miaka mingi, pengine maisha yote. Kemikali ile ikirudi mara ya pili, au ya kumi, kikosi hutoka, na baada ya siku moja au mbili ngozi inawaka moto.

Hilo ndilo jibu la mpwa wangu. Piko ya kwanza haikumwacha salama. Ilimwandikisha, na piko ya pili ikamwita jina.

RANGI YA NYUSI

Mwaka 1933 lilitokea jambo Marekani ambalo liliwafumbua watu macho, ingawa wengine liliwafumba. Kulikuwa na rangi ya nyusi na kope iliyouzwa kwa jina la Lash Lure. Ndani yake mlikuwa na kemikali iitwayo parafenilenidiamini. Wanawake waliopakwa walivimba macho, wakapata vidonda, baadhi wakapofuka, na mmoja akafa. Wakati huo serikali ya Marekani haikuwa na sheria ya kukamata kipodozi. Sheria ilipatikana mwaka 1938.

Lakini sikiliza, ndugu yangu. Sheria hiyo hiyo iliziachia mlango rangi za nywele zinazotokana na lami ya makaa ya mawe. Ziliruhusiwa kuendelea kuuzwa mradi pakiti iandikwe onyo na maelekezo ya mtumiaji kujijaribu kwanza. Na kemikali ile ya Lash Lure ndiyo mpaka leo inayozipa rangi nyingi za nywele weusi wake. Ndiyo pia inayopatikana mara nyingi katika piko. Hina ya asili, ile ya majani, hutoa rangi ya machungwa hadi kahawia, na huhitaji saa kadhaa kushika. Ukiona hina imetoka nyeusi tititi kwa muda mfupi, ujue kuna mgeni ndani yake. Mwaka 1983 madaktari wa Sudan waliandika katika jarida la Lancet la Uingereza juu ya watu waliodhurika vibaya kwa kemikali hiyo, kwa kuwa kule nako huchanganywa na hina. Ulaya inairuhusu kwenye rangi ya nywele kwa kiasi kisichozidi asilimia 2, na hairuhusu kabisa kuchorea ngozi.

SUNGURA NA SIMBILISI

Baada ya mkasa ule wa macho, wenye viwanda na serikali walitafuta namna ya kupima kabla ya kuuza. Mwaka 1944 John Draize na wenzake wa idara ya serikali ya Marekani walichapisha njia ya kutia vitu katika macho na juu ya ngozi ya sungura, kisha kuhesabu wekundu na uvimbe. Kwa upande wa mzio, mwaka 1969 Bertil Magnusson wa Sweden na Albert Kligman wa Marekani walieleza njia ya kutumia simbilisi: mnyama hudungwa kemikali, hupumzishwa, kisha hupakwa tena ili ionekane kama kikosi chake kimeshafundishwa. Baadaye ikaja njia ya panya, ambayo haingoji upele utoke, bali hupima namna tezi za masikio zinavyofanya kazi. Njia hiyo ilipata idhini ya kimataifa mwaka 2002.

Tusiwe wepesi wa kuwalaani waliofanya hayo. Walikuwa wanakumbuka wanawake waliopofuka. Lakini nao waliosema inatosha walikuwa na haki. Mwaka 1980 mwalimu mmoja wa New York, Henry Spira, aliongoza kampeni dhidi ya kampuni kubwa ya vipodozi ya Revlon, akiuliza ni sungura wangapi wapofushwe kwa ajili ya urembo. Dawa ya kuokoa maisha ni jambo jingine. Lakini rangi ya mdomo? Swali hilo halikufa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kupima vipodozi vilivyokamilika kwa wanyama mwaka 2004, ukapiga marufuku kupima viungo vyake mwaka 2009, na tarehe 11 Machi 2013 ukafunga soko lake kwa kipodozi chochote kilichopimwa kwa wanyama kwa ajili ya sheria hiyo.

SISI TULIKUWA WAPI?

Unaweza kusema, mambo ya sungura wa Ulaya yananihusu nini mimi niliyeko Manzese au Kariakoo? Subiri.

Huku kwetu, kupima vipodozi bila kutumia wanyama kulianza zamani sana. Tofauti ni kwamba aliyepimwa alikuwa mteja.

Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mjini Dar es Salaam. Wazee wanakumbuka vita dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Katika orodha hiyo zilikuwemo pia krimu za kung'arisha ngozi. Lakini hoja ilikuwa utamaduni: krimu ni kasumba, ni kumwiga Mzungu. Kilichomo ndani ya kopo, na kinachofanya mwilini, havikuwa kiini cha ugomvi ule.

Miaka michache baadaye, mwaka 1972, madaktari wa Nairobi walichapisha matokeo ya kutisha katika jarida la madaktari wa Uingereza. Walikuwa na wagonjwa 60 watu wazima ambao figo zao zilivuja protini, wakavimba mwili. Kati yao 32 walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki ile ile ya Jadassohn! Mwaka 1895 daktari alibandika tone moja ngozini kwa uangalifu, akaandika alichokiona. Nairobi ilipakwa usoni kila asubuhi na kila jioni, na aliyekuja kuandika matokeo ni daktari wa figo.

Njoo nyumbani zaidi. Mwaka 1999 yalitoka matokeo ya Masazumi Harada na wenzake. Harada alikuwa daktari wa Japani aliyejulikana duniani kwa kuwahangaikia watu wa Minamata waliotiwa sumu ya zebaki na kiwanda. Alikuja kando ya Ziwa Victoria, upande wetu wa Tanzania, kupima nywele za wachimbaji wa dhahabu, wavuvi na wakazi wa Mwanza, maana wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia dhahabu. Wapimaji walikwenda kutafuta zebaki ya machimboni, wakaikuta ya bafuni. Baadhi ya watu waliokutwa na zebaki nyingi mno walikuwa ni watumiaji wa sabuni na krimu.

Na sabuni hizo nyingine zilitoka wapi? Sheria ya vipodozi ya Ulaya ya mwaka 1976 iliikataa zebaki katika vipodozi, isipokuwa kiasi kidogo mno katika vile vya macho. Lakini kuipeleka nje sabuni ya zebaki kulikatazwa na Ulaya mwaka 2003. Kwa miaka 27, ndugu msikilizaji, kitu kisichofaa kwa ngozi ya kwao kiliweza kusafirishwa kuja kwetu kihalali. Wakati mwanaharakati anamlilia sungura wa New York, na alikuwa na haki ya kumlilia, hakuna aliyesimama dukani Mwanza kumlilia mteja.

MASHAHIDI WATATU

Sasa turudi kwenye sayansi, kwa sababu hapa kuna habari njema. Wanyama walipokatazwa, wataalamu walilazimika kufikiri. Walichofanya ni kuichukua ile safari ya mzio niliyoieleza, wakaikata vipande, na kila kipande wakakitafutia kipimo chake.

Kipimo cha kwanza hufanywa ndani ya vichupa: je, kemikali hii inajishikiza kwenye vipande vya protini? Cha pili hutumia chembe hai za ngozi ya binadamu zinazooteshwa maabara, zilizotiwa kiungo cha kimulimuli. Chembe zikishtushwa na kemikali, zinawaka mwanga, kama wale vimulimuli tunaowaona usiku pembeni mwa mashamba ya mpunga. Vipimo hivi viwili vilikubaliwa kimataifa mwaka 2015. Cha tatu, kilichokubaliwa mwaka 2016, huangalia kama chembe za aina ya wale askari wa doria zinaamka.

Hakuna kimoja kinachotosha peke yake. Kwa hiyo mwaka 2021 shirika la OECD, ambalo huweka kanuni za vipimo vya kemikali, lilipitisha utaratibu ambao mzee yeyote wa baraza atauelewa: mashahidi watatu, na wawili wakikubaliana, shauri limekwisha. Yalipolinganishwa na kumbukumbu za binadamu waliokwisha kupata mzio, majibu ya utaratibu huo hayakuwa nyuma ya yale ya panya. Na si ajabu. Chembe zile ni za binadamu, panya ni panya.

Hata hivyo tusidanganyike. Shahidi akisema kemikali inaweza kuleta mzio, bado hajasema italeta kwa nani wala kwa kiasi gani. Pilipili ni kali, lakini punje moja katika sufuria la mchuzi si sawa na kiganja kizima jichoni. Anayepima hatari lazima aulize: kitu hiki ni kiasi gani, kinapakwa wapi, kinaoshwa baada ya dakika mbili kama sabuni au kinalala ngozini usiku kucha kama krimu, na kinarudiwa mara ngapi? Piko hushindwa katika maswali yote. Kemikali yake ni kali, kiasi hakijulikani, na huachwa juu ya ngozi makusudi ili ishike.

MBINGU NA MICHENGA

Nilisema nitarudi Ifakara. Kati ya mwaka 2009 na 2010 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walikwenda kijiji cha Mbingu, katika bonde letu hili hili, kujaribu mafuta ya kupaka ya kufukuza mbu. Kaya nyingine zilipewa mafuta yenye dawa kwa kipimo cha asilimia 15, nyingine mafuta yasiyo na dawa, ili ijulikane kama malaria itapungua zaidi ya inavyopunguzwa na chandarua. Ninachotaka ukione ni namna ya kazi. Watu walielezwa, wakaridhia. Kiasi kilijulikana. Matokeo yaliandikwa.

Mpwa wangu yuko kwenye bonde lile lile, ngozi ile ile. Kwake hakuja mtu na karatasi ya ridhaa. Pakiti haikuwa na jina la kemikali, wala kiasi, wala anwani ya kulalamikia. Hata jaribio dogo la mafuta ya mbu lina utaratibu. Mkono wa bibi harusi haukuwa nao.

Sheria zipo. Mwaka 2003 Bunge lilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi iliyoanzisha TFDA, na tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Zebaki na haidrokwinoni katika vipodozi zimepigwa marufuku nchini. Lakini maabara nzuri kuliko zote duniani haiwezi kumlinda mtu dhidi ya unga usio na jina. Mashahidi watatu wa Ulaya hawawezi kutoa ushahidi juu ya mshitakiwa asiyejulikana.

Kwa hiyo naomba tuanzie hapo. Akina mama wapambaji, mlio na heshima kubwa katika jamii, kataeni pakiti isiyoandikwa kilichomo. Hina ya majani ina uzuri wake, na bibi harusi hajapungukiwa kitu kwa kuwa na maua ya kahawia. Mwenye kutumia rangi ya nywele afuate maelekezo ya kujijaribu yaliyoandikwa kwenye boksi, siku mbili kabla, wala asione ni maneno ya kujaza karatasi. Lilipokewa kwa macho ya watu onyo lile. Na aliyewahi kuvimba kwa piko asiiguse tena rangi nyeusi ya nywele bila kumwona daktari, maana kikosi chake kiko macho. Madaktari wa ngozi tunao, na tangu mwaka 1992 pale KCMC Moshi kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika.

Mpwa wangu amepona. Zimebaki alama nyeupe mkononi, maua yale yale, sasa yamechorwa kwa kovu. Nilipomweleza habari za kikosi kinachokumbuka, alikaa kimya, kisha akasema, "Basi mjomba, mimi nilikuwa kipimo." Nikamwambia ndiyo, mwanangu. Na yule mama aliyempaka, ambaye alikuwa akisikiliza mlangoni, aliingia ndani, akatoka na kopo lenye vile vipakiti vilivyobaki, akaniuliza avitupe wapi ili mvua isivipeleke mtoni.

Hapo sikuwa na jibu la haraka. Lakini swali lake lilikuwa la mtu aliyeelewa.

Ndugu msikilizaji, tuonane wiki ijayo, saa kama hii.